Msimu wa Kaskazi na Ndege wa Pemba: Maelezo kuhusu Utazamaji wa Ndege katika Mwambao, Mabonde na Misitu ya Kisiwa

IKISIRI

Makala haya yanaeleza utazamaji wa ndege katika kisiwa cha Pemba wakati wa msimu wa kaskazi, yaani kipindi cha joto kinachoanza Disemba na kuishia Machi. Yanabainisha makundi mawili ya ndege: wahamiaji wanaotoka kaskazini ya dunia na kukaa mwambaoni kwa miezi kadhaa, na ndege wa pekee wasiopatikana kwa asili mahali pengine popote isipokuwa Pemba. Hoja kuu ni kwamba makundi haya mawili hayawezi kulindwa kwa kutenga msitu mmoja tu. Maisha yao yamefungamana na fuo, mikoko, mabonde ya mpunga na mashamba ya mikarafuu, ambayo ndiyo pia maisha ya wakaazi wa kisiwa.

1.0 Utangulizi

Pemba iko takriban nyuzi tano kusini mwa Ikweta, kilomita zipatazo hamsini kutoka pwani ya Tanzania Bara. Waarabu waliiita Al Jazeera Al Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani. Jina hilo lilitokana na uoto wake, nao ndio unaoeleza kwa nini kisiwa hiki kina nafasi maalumu katika elimu ya ndege. Shirika la BirdLife International limeitambua Pemba kuwa eneo la ndege wa pekee, na Msitu wa Ngezi umo katika orodha ya maeneo muhimu kwa ndege.

Vitabu vingi vya kuongoza watazamaji wa ndege vimeandikwa kwa kufuata kalenda ya Ulaya, ambamo kiangazi ni Juni hadi Agosti. Kwa Pemba, miezi hiyo ni ya kusi na kipupwe: upepo una nguvu, hewa ni ya baridi kiasi, na sehemu kubwa ya ndege wahamiaji wamekwenda kuzaa kaskazini. Kiangazi cha Pemba ni kaskazi. Mtu anayefika Julai akitarajia kuona makundi makubwa ya ndege wa pwani ataona wachache tu, hasa wale wachanga wa mwaka wa kwanza ambao hawajafikia umri wa kuzaa na hivyo hubaki mwambaoni. Anayefika Januari huona hali tofauti kabisa. Kwa sababu hiyo, kuelewa pepo za msimu ni hatua ya kwanza ya kuelewa ndege wa kisiwa hiki.

2.0 Sababu za Upekee wa Ndege wa Pemba

Unguja na Pemba hutajwa pamoja, lakini historia zake za kijiolojia hazifanani. Unguja imekaa juu ya tako la bara lenye kina kifupi. Katika kipindi cha mwisho cha barafu, miaka ipatayo 20,000 iliyopita, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa zaidi ya mita mia moja kuliko sasa, na Unguja iliungana na bara. Wanyama na ndege wa bara waliweza kuingia bila kizuizi. Pemba, kwa upande wake, imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Bahari iliposhuka, mkondo huo haukukauka. Ndege waliofika Pemba walifika kwa kuvuka maji, na vizazi vyao vikabaki peke yake kwa muda mrefu hadi vikatofautiana na jamaa zao wa bara.

Matokeo ya utengano huo ni spishi nne za pekee. Ya kwanza ni chozi wa Pemba (Cinnyris pembae), aliyepewa jina la kisayansi na Reichenow mwaka 1905. Ni ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Dume hung'aa kwa rangi ya kijani. Ya pili ni kinengenenge wa Pemba (Zosterops vaughani), aliyeelezwa na Bannerman mwaka 1924. Ana rangi ya manjano na duara jeupe kuzunguka jicho. Hawa wawili wameenea karibu kisiwa kizima, na huonekana hata katika bustani za Chake Chake na Wete.

Spishi mbili zilizobaki zina hali ngumu zaidi. Bundi mdogo wa Pemba (Otus pembaensis) alielezwa na Pakenham mwaka 1937, na ninga wa Pemba (Treron pembaensis) alielezwa na mtaalamu huyo huyo mwaka 1940. Pakenham alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Zanzibar, na orodha yake ya ndege wa Unguja na Pemba iliyochapishwa mwaka 1979 bado ni msingi wa tafiti za baadaye. Ninga wa Pemba hutofautiana na ninga wa bara kwa kuwa kifua na tumbo lake vina rangi ya kijivu badala ya kijani. Spishi hizi mbili zimewekwa katika kundi la ndege walio katika hatari ya kutoweka. Kwa kuwa hawapo mahali pengine, kutoweka kwao Pemba ni kutoweka kwao duniani.

3.0 Wageni wa Kaskazi katika Mwambao

3.1 Safari na sababu zake

Kuanzia Agosti na Septemba, ndege wa pwani huanza kuwasili. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda (Calidris ferruginea) huzaa katika tambarare za Siberia ya kaskazini, ambako majira ya kuzaa hudumu wiki chache tu kabla ya ardhi kuganda tena. Sululu (Numenius phaeopus) hutoka katika maeneo ya baridi ya Ulaya na Asia. Wote huhitaji mahali ambapo tope haligandi na chakula hakikomi. Fuo za Afrika ya Mashariki zinatimiza mahitaji hayo.

Mgeni anayestahili kuelezwa peke yake ni ndege mlakaa (Dromas ardeola), mwenye rangi nyeupe na nyeusi, miguu mirefu na mdomo mnene wenye nguvu. Yeye hatoki Siberia. Huzaa katika fuo na visiwa vya Bahari ya Sham, Ghuba ya Uajemi, Omani na Somalia. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja, na joto la mchanga husaidia kulilea yai hilo. Baada ya kuzaa, husafiri kuelekea kusini na kukaa katika mwambao wa Waswahili. Njia yake inashabihiana na ile ya majahazi yaliyosukumwa na kaskazi kutoka Arabuni hadi Pemba, ingawa ndege huyu huanza safari yake mapema zaidi. Mara nyingi mzazi huonekana akifuatwa na kinda aliyekwisha kukua, ambaye bado analilia chakula. Kwa mtazamaji mwenye subira, hiyo ni mojawapo ya mandhari za kupendeza zaidi katika fuo za Pemba.

3.2 Maji kupwa na maji kujaa

Utazamaji wa ndege wa pwani hutegemea maji zaidi ya saa. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa katika visiwa vya Zanzibar hukaribia mita nne. Maji yanapokupwa kabisa, ndege hutawanyika juu ya eneo kubwa la tope na mchanga, mbali na macho. Maji yanapojaa, malisho hufunikwa na ndege hulazimika kukusanyika juu ya mafungu ya mchanga, kwenye matawi ya mikoko au juu ya mawe, wakingoja. Kipindi kinachofaa zaidi ni saa moja au mbili maji yanapoanza kujaa, kwani maji huwasogeza ndege taratibu kuelekea kwa mtazamaji. Wakati wa maji mafu, sehemu ya tope inayofunuliwa ni ndogo na mikusanyiko si mikubwa.

Maarifa haya si mapya kwa Wapemba. Mvuvi, mchokozi wa pweza na mwanamke anayelima mwani hupanga kazi zao kwa kalenda hiyo hiyo ya mwezi. Kwa hiyo mwongozaji bora wa mtazamaji wa ndege ni mtu anayejua ni siku gani bamvua itaanza na fungu gani hufunikwa mwisho.

Maji kujaa ndicho pia kipindi cha hatari kwa ndege. Kabla ya kuondoka mwezi Aprili, ndege mhamiaji hulazimika kujilimbikizia mafuta mwilini kwa ajili ya safari ya maelfu ya kilomita. Kila anaporushwa kutoka mahali pake pa kupumzikia, hutumia sehemu ya akiba hiyo. Akirushwa mara nyingi kwa siku, huenda akaondoka akiwa dhaifu au akachelewa kufika mahali pa kuzaa. Mtazamaji anayesogea mno ili aone vizuri anaweza kuleta madhara yale yale anayodai kuyapinga.

4.0 Mabonde, Mikarafuu na Msitu

4.1 Mabonde ya mpunga

Pemba ina vilima vingi vidogo vilivyotenganishwa na mabonde yenye maji. Mabonde hayo hulimwa mpunga, na ndiyo ardhioevu kuu ya ndani ya kisiwa. Yangeyange, kulasitara na bata wadogo wa maji baridi hutegemea mabwawa na mifereji yake. Katika baadhi ya maeneo ya pwani, maji ya chumvi yameingia mashambani na kuharibu ardhi ya mpunga. Mkulima hupoteza mavuno, na ndege wa maji baridi hupoteza malisho. Mikoko iliyokatwa kwa ajili ya kuni, mkaa na ujenzi huacha pwani bila kinga. Hivyo suala la kupanda mikoko, ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa suala la uvuvi, ni suala la chakula na la ndege pia.

4.2 Mashamba ya mikarafuu

Katika karne ya 19, mikarafuu ilienea Unguja na Pemba chini ya utawala wa Masultani wa Kiomani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza mashamba mengi ya Unguja, na Pemba ikawa mzalishaji mkuu. Misitu ya asili ilifyekwa ili kupisha zao hilo. Hata hivyo, shamba la mikarafuu lenye miti mikongwe, minazi na miembe si jangwa kwa ndege. Chozi hufyonza maua yake, kozi wa Dickinson (Falco dickinsoni) hukaa juu ya minazi, na bundi wa Pemba amesikika ndani ya mashamba yaliyoota vichaka. Hatari huanza miti mikongwe inapoangushwa bila kupandwa mingine. Ninga hutegemea miti mikubwa inayozaa matunda, hususan mikuyu na jamii zake, na miti mikubwa ya aina hiyo hairejei kwa haraka.

4.3 Ngezi na suala la bundi

Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, kihistoria ulihesabiwa kuwa na takriban hekta 1,440. Ndio mabaki makubwa zaidi ya msitu wa asili wa Pemba. Ufuo wa Verani uko upande wake wa magharibi na Vumawimbi upande wa mashariki, kwa hiyo mtazamaji anaweza kuona ndege wa pwani asubuhi na kusikiliza bundi usiku wa siku hiyo hiyo.

Bundi wa Pemba husikika kwa urahisi kuliko anavyoonekana. Hutoa mlio mfupi wa "hu", mara mmoja mmoja, mara kwa mfululizo. Katika imani za wengi pwani na bara, bundi ni ndege wa uchuro na mlio wake hutabiri msiba. Kwa hiyo hufukuzwa au kuuawa. Bundi huyu ni mdogo na chakula chake ni wadudu. Elimu inayodharau imani hiyo haiwezi kumwokoa. Inayofaa ni ile inayoeleza kwamba ndege huyu ni wa Pemba pekee, kama ulivyo urithi mwingine wa kisiwa, na kwamba anawala wadudu wanaowasumbua wakulima na watoto wao.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Maelezo haya yanaonesha kwamba sheria zipo, ikiwemo Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu ya Zanzibar Na. 10 ya mwaka 1996, na kwamba Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba lilianzishwa mwaka 2005. Hata hivyo, maeneo manne ya mwanzo ya Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar yote yako Tanzania Bara. Ardhioevu za Pemba bado hazijapewa uzito unaolingana na thamani yake.

Inapendekezwa, kwanza, hesabu ya ndege wa maji inayofanyika kimataifa kila Januari ifanywe Pemba kila mwaka, katika maeneo yale yale na kwa hali ile ile ya maji, ili mabadiliko yaweze kupimwa. Pili, vijana wa vijiji vya pwani wafunzwe kuhesabu na kuongoza wageni, kwa kuwa wanajua tayari mwendo wa maji. Tatu, upandaji mpya wa mikarafuu uhifadhi mikuyu na miti mikongwe iliyosalia. Nne, mapato ya watazamaji yafike kwa wale wanaoombwa wasikate mikoko. Mwanakijiji anayepoteza kuni bila kupata kitu hana sababu ya kumlinda ninga, na bila yeye hakuna mlinzi mwingine aliye karibu.