Kutoka Android kwenda iPhone: usiuze simu ya zamani mbele ya kuhakikisha haya

Kuhama kutoka simu ya Android kwenda iPhone, ao kurudi Android, si jambo la kujionyesha tu. Katika miji ya mashariki mwa Congo, simu ndiyo benki, ndiyo daftari la muuzaji, ndiyo sanduku la picha za familia. Huko Goma, ambako mabenki yalifunga milango mwezi wa kwanza 2025, wakaaji wengi wametegemea pesa ya simu. Anayebadilisha simu bila kujitayarisha anaweza kupoteza mengi.

Pesa inafuata namba

Kwanza, jambo la kutuliza moyo: pesa ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money haikai ndani ya simu. Inafuata namba. Ukitoa kadi ya SIM katika Tecno na kuiweka katika iPhone, pesa ni ile ile na namba ya siri ni ile ile.

Hatari iko upande mwingine. Kuna watu wanaotumia namba iliyoandikishwa kwa jina la ndugu ao la muuzaji wa kadi barabarani. Siku kadi inapopotea ao inapotakiwa kubadilishwa, kampuni itaomba kitambulisho cha mwenye jina. Kwa hiyo, mbele ya kuhama, hakikisha kwamba namba imeandikwa kwa jina lako.

WhatsApp haivuki yenyewe

Hapa ndipo wengi wanalia. Muuzaji wa vitenge ameandika madeni yote ya wateja katika WhatsApp, na anajua kwamba nakala iko Google Drive. Lakini iPhone haisomi nakala ya Google Drive, na Android haisomi nakala ya iCloud.

Tangu 2022 kuna njia: programu ya Apple inayoitwa Move to iOS, ambayo unaiweka ndani ya Android. Masharti yake ni haya: namba ya WhatsApp ibaki ile ile, simu zote mbili ziwe kwenye umeme na kwenye Wi-Fi moja, na iPhone iwe mpya ao iwe imefutwa kabisa. Aliyekwisha kuanza kutumia iPhone atalazimika kuifuta na kuanza upya. Kwa hiyo hamisha siku ya kwanza, saa ambayo umeme hausumbui.

Anayerudi kutoka iPhone kwenda Android anahitaji waya wa kuunganisha simu mbili wakati wa kuitayarisha simu mpya. Njia hiyo ilianza 2021 kwa simu za Samsung, na si kila Android inaikubali. Uliza mbele ya kulipa.

Angalia iPhone unayouziwa

Simu nyingi zinazouzwa kwetu zimekwisha kutumiwa ama zimetumwa na ndugu walio ngambo. Kuanzia iPhone 14, ya mwaka 2022, zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina nafasi ya kadi ya SIM. Zinatumia eSIM, yaani namba inayoandikwa ndani ya simu bila kadi. Ulizia kampuni yako kama inatoa eSIM, la sivyo zawadi nzuri itabaki bila namba.

Hata nyingine nyingi zina nafasi ya kadi moja tu. Aliyezoea kadi mbili, moja ya pesa na moja ya mega, atafakari. Vilevile iPhone haina nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Hamisha picha mapema.

Jihadhari pia na bei ya chini sana. Tangu mwezi wa tano 2025, WhatsApp haifanyi tena kazi kwenye iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Na iPhone yenye akaunti ya Apple ya mtu mwingine inaweza kukufungia mlango. Muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako, kisha ndipo utoe pesa.

Kisha kuhama

Usiikimbize simu ya zamani sokoni. Ujumbe wa WhatsApp unabaki ndani yake mpaka uufute, basi ikae nyumbani wiki moja ao mbili. Fungua mazungumzo ya wateja, tafuta picha za zamani, jaribu kutuma pesa kidogo.

Yote yakiwa sawa, ondoa akaunti ya Google kwenye Android. Kama ni iPhone, zima iMessage na uondoe akaunti ya Apple. Baadaye futa kila kitu. Usipofanya hivyo, mnunuzi atashindwa kuitumia, ao siri zako zitabaki mkononi mwa mtu usiyemjua.