Nani Aliyevunja Kikoba Chetu?

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba cha kina mama 25 huku Mbagala. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Mwaka wa tatu marejesho yakasimama ndani ya wiki sita, na kikao cha mwisho kilikuwa na swali moja tu: nani kaanza? Jina likapatikana. Yule mama, muuza mihogo, aliondoka analia.

Mimi sikuridhika, maana daftari nilikuwa nalo. Mwaka wa kwanza pia yeye ndiye aliyetangulia kuchelewa, na hakuna aliyemfuata.

Wanazuoni nao wamevutana zaidi ya karne juu ya swali kama hili: chanzo kitafutwe kwa mtu au kwa kikundi? Mjerumani Max Weber alishikilia kwamba kikundi hakitendi. Wanaotenda ni watu, kila mmoja na maana anayolipa tendo lake. Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha 1897 kuhusu kujiua, alionyesha kuwa kiwango cha kujiua katika nchi hakibadiliki sana mwaka hadi mwaka, ingawa wanaokufa ni watu wengine kabisa. Kwa hiyo chanzo, alisema, kitafutwe kwenye jamii.

Aliyenifungua macho ni Mmarekani Mark Granovetter, kwa hesabu yake ya 1978. Chukua watu 100 uwanjani. Wa kwanza yuko tayari kurusha jiwe peke yake. Wa pili anasubiri amwone mmoja, wa tatu wawili, hivyo hivyo hadi anayesubiri 99. Wote watarusha. Sasa badilisha mtu mmoja tu: yule wa pili naye asubiri wawili. Litarushwa jiwe moja, basi. Ungeapa ni miji miwili yenye watu wa tabia tofauti!

Nikarudi kwenye daftari. Kabla ya mwaka wa tatu mwenzetu mmoja alihamia Morogoro, akaingia mwingine ambaye akiona mmoja kachelewa, naye anachelewa. Wengine walikuwa wanasubiri kuona wawili. Sasa wakawaona.

Weber namkubalia: pesa zilizuiwa na mikono ya watu, si na kikoba. Lakini ukiihoji mmoja mmoja mioyo ya wale 25, hutaipata sababu. Ilikuwa katika mpangilio wetu, na mpangilio hauitwi kikaoni ukajitetee.

Deni la muuza mihogo lilikuwa shilingi 18,000, dogo kuliko yote daftarini.