UZI 🧵: "Wafadhili waende, tujitegemee!" Sawa. Lakini kujitegemea ni nini hasa?

1/ Kuna sentensi moja ambayo kila mdahalo wa siasa lazima ipigiwe makofi: tuache kutegemea misaada ya nje. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, makofi yameongezeka, na hofu pia. Wacha nieleze suala lenyewe. Sitaji mwanasiasa wala chama, kwa hivyo usinitafutie kambi.

2/ Kwanza tutenganishe vitu, kwa sababu jukwaani neno "misaada" linabebeshwa kila mzigo.
– Mikopo ya serikali kutoka nje. Huo si msaada, ni deni. Utalilipa wewe na mimi.
– Pesa za serikali za nje, kama zile zilizokuwa zikipitia USAID hadi ilipofunga kazi Julai 2025.
– Mashirika makubwa ya kimataifa.
– Mashirika madogo: watu wachache huko nje wanaochangisha pesa na kushirikiana na vikundi vya kijijini.

Leo naongea kuhusu hayo madogo. Ndiyo kila upande huyatumia kama mfano, mara nyingi vibaya.

3/ Twende Ukambani. Mwaka 1978, huko Machakos, Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni. Shida yao unaijua: maji. Mvua za huko ni misimu miwili kwa mwaka, na zikija zinakuja kwa fujo. Mto unafurika siku chache, maji yanateremka hadi Mto Athi na mwisho yanaingia baharini karibu na Malindi. Baada ya hapo ni mitungi, punda na safari ndefu.

4/ Dawa waliyoitumia ni bwawa la mchanga. Unajenga ukuta imara wa mawe, simiti na vyuma kukatiza mto wa msimu, ukuta ukae juu ya mwamba. Mafuriko yakija yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta. Inaweza kuchukua msimu mmoja au misimu kadhaa. Ukiutazama utadhani ni mto mkavu tu. Lakini hadi asilimia 40 ya kile kilichojaa pale inaweza kuwa maji, yamejificha katikati ya chembe za mchanga. Jua haliyafikii kirahisi, mbu hawazaliani humo, na mchanga wenyewe unayachuja. Unayateka kwa bomba lililopitishwa ukutani, au kwa kisima kifupi chenye pampu ya mkono.

5/ Mwaka 2002 shirika dogo likaanzishwa Uingereza, Excellent Development, ambalo leo linajulikana kama Sand Dams Worldwide. Kazi yake ilikuwa kuunga mkono vikundi vya aina hii. Sasa angalia hizo tarehe. Kikundi 1978, mfadhili 2002. Miaka 24 katikati. Mzungu hakuja kuwaamsha watu waliolala. Alikuta kazi inaendelea akaongeza nguvu.

6/ Na masharti ni muhimu kuliko pesa. Mfadhili analeta kile ambacho kijiji hakiwezi kukipata kwa urahisi: simiti, vyuma na fundi anayejua kupima. Kikundi kinaleta mawe, mchanga, maji ya kuchanganyia, na mikono. Wakamba wana jina la kazi hiyo ya pamoja tangu zamani: mwethya. Wengi wanaobeba hayo mawe ni akina mama.

7/ Maji yakipatikana karibu, kinachookolewa ni muda. Mama aliyekuwa akimaliza nusu siku njiani sasa ana saa za kulima mboga, kupanda miti, kuchimba matuta ya "fanya juu", yale ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro. (Kwa taarifa yako, wataalamu wa udongo duniani huyaita hivyo hivyo, "fanya juu", hata wakiandika kwa Kiingereza.) Hapo ndipo chakula na pesa ya karo huanza kutoka shambani.

8/ Sasa turudi kwenye mdahalo. Hoja ya kwanza: "NGO zinatufanya ombaomba."
Inategemea. Shirika linalogawa unga kila mwaka mahali pale pale bila kugusa sababu ya njaa, hapo una haki ya kuuliza. Lakini mtu aliyebeba mawe wiki nzima ili apewe simiti si ombaomba. Ukihesabu siku zake za kazi kama pesa, yeye pia ni mfadhili. Tatizo ni kwamba jina lake haliandikwi kwenye kibao cha mradi.

9/ Hoja ya pili: "Bila wafadhili tumekwisha."
Pia si kweli, na hizo tarehe za 1978 na 2002 ndizo ushahidi. Ila tusidanganyane kwamba mambo yote ni bwawa. Dawa za kupunguza makali ya virusi hazitengenezwi kwa mwethya. Anayechukua mfano wa kijiji kilichojenga ukuta akautumia kusema hospitali pia zitajisimamia, anachanganya vitu viwili kwa makusudi.

10/ Hoja ya tatu ndiyo hatari zaidi kwa sababu inasikika tamu: "Wananchi wameonyesha wanaweza wenyewe. Serikali ishughulikie mengine."
Ngoja kidogo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema maji safi na salama ya kutosha ni haki ya kila mtu. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya huduma za maji, na pia kutekeleza sera za kuhifadhi udongo na maji. Mwenye nyumba mjini akitaka maji anatarajiwa kulipa bili. Mama wa Kitui akitaka maji anatarajiwa kubeba mawe kwanza, halafu anapigiwa makofi ati amejitegemea. Bidii yake ni ya kusifiwa, ndiyo. Lakini isiwe kisingizio cha mtu mwingine kutofanya kazi anayolipwa kuifanya.

11/ Kuna jambo ambalo kikundi hakiwezi hata kikijitolea vipi: kuzuia malori ya mchanga. Bwawa la mchanga bila mchanga ni ukuta tu. Mijini ujenzi unapamba moto, mchanga ni pesa, na lori linaweza kuja usiku likabeba hifadhi ya maji ya kijiji kizima. Makueni damu imewahi kumwagika kwa ajili ya mchanga. Ndiyo maana kaunti hiyo ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Sheria hutungwa na bunge la kaunti, na polisi ni wa serikali. Hapo mfadhili hana uwezo, mwethya haina uwezo. Hapo ni kura yako.

12/ Na tuwe wakweli: bwawa la mchanga si dawa ya kila mahali. Linataka mto wa msimu, mwamba ulio karibu, na mchanga wa chembe kubwa. Mto ukileta tope laini, bwawa litajaa matope na maji hutayapata. Kwa hivyo mgombea akiahidi "bwawa kila wadi," muulize nani alipima hiyo mito.

13/ Vipi kuhusu wezi? Wapo, kote kote. Shirika la hisani lililosajiliwa Uingereza na Wales, likishapita kiwango fulani cha mapato, huwasilisha hesabu zake kwa msimamizi wa mashirika hayo, na wewe unaweza kuzisoma mtandaoni bila kulipa. Hapa kwetu, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 ikakaa kwenye kabati hadi Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika. Ukiwa na shaka na shirika, omba hesabu zake kabla ya kupiga kelele. Halafu uombe na za mradi wa maji wa wadi yako. Kipimo kiwe kimoja.

14/ Kwa hivyo, kujitegemea ni nini? Mimi nakipima kwa swali moja: kitu kikiharibika mfadhili akiwa ameshaondoka, nani anakitengeneza, na kwa pesa gani?
Pampu ikikwama na kuna kamati yenye akiba, fundi wa karibu, na spea inayopatikana soko la hapo, hao wamejitegemea hata kama simiti ilitoka ng'ambo. Pampu ikikwama na kila mtu anasubiri gari lirudi, hao bado wanategemea, hata kama mradi ulilipiwa na pesa zetu za kodi.

15/ Mgombea akisimama kwako akasema wafadhili waende, usipige makofi wala usizomee. Muulize mambo matatu:
– Miradi iliyopo hapa, mwaka ujao itatengenezwa kwa fungu gani la bajeti?
– Malori ya mchanga utayafanyia nini, na mengine ni ya nani?
– Mama anayebeba mawe, serikali yako itabeba nini?

Akijibu kwa jina la kijiji na la mto, msikilize. Akijibu kwa wimbo, umeshajua.

Uzi umeisha. Kama kwenu kuna mradi wa maji uliosimama, andika hapo chini ni upi na umesimama tangu lini.