1933: Mwaka benki zote za Marekani zilipofungwa

WAHENGA walisema akiba haiozi. Mwaka 1933 Wamarekani wengi walishuhudia akiba ikioza, tena ikiwa benki.

Mwaka huo ulianza uchumi wa nchi hiyo ukiwa hoi. Kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones, kilichofikia pointi 381 Septemba 1929, kilikuwa kimeporomoka hadi pointi 41 Julai 1932. Karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Wakulima walishindwa kulipa mikopo, na benki zilizowakopesha zikaanza kukwama.

Februari 14, Gavana wa Michigan, William Comstock, alizifunga benki zote za jimbo lake kwa siku nane kutokana na matatizo ya benki za Detroit. Habari hizo zilizua hofu katika majimbo mengine, ambako wenye amana walipanga foleni kudai fedha zao, baadhi wakitaka walipwe dhahabu.

Ifahamike kuwa amana za wateja hazikai zote kwenye sefu. Sehemu kubwa hukopeshwa wenye mashamba, nyumba na viwanda, na haiwezi kurudi kwa siku moja. Kwa hiyo, hata benki yenye mali nyingi kuliko madeni inaweza kuanguka iwapo wateja wote watadai fedha kwa pamoja.

Rais Franklin Roosevelt aliapishwa Machi 4, siku ambayo Soko la Hisa la New York halikufunguliwa. Machi 6 aliamuru benki zote nchini zifungwe. Siku tatu baadaye, Bunge lilipitisha sheria ya dharura iliyoruhusu Benki Kuu kutoa noti mpya kwa dhamana ya mali za benki. Jumapili, Machi 12, Roosevelt alizungumza redioni na kueleza kwa lugha nyepesi kwamba benki zitakazofunguliwa ni zile tu zilizoonekana kuwa salama.

Kesho yake foleni zilirudi, lakini safari hii watu walikuja kuweka fedha. Katika muda wa wiki mbili, zaidi ya nusu ya fedha zilizofichwa majumbani zilikuwa zimerejeshwa. Soko la hisa lilipofunguliwa Machi 15, Dow Jones ilipanda kutoka 53.84 hadi 62.10, sawa na zaidi ya asilimia 15 kwa siku moja, rekodi ambayo haijavunjwa. Mwaka ulifungwa ikiwa pointi 99.90.

Hata hivyo, si wote waliopona. Benki zipatazo 4,000 zilisimamisha huduma mwaka huo, na nyingi hazikufunguliwa tena. Kwa upande wa hisa, kipimo hicho hakikurudi kwenye kilele cha 1929 hadi Novemba 1954. Mwenye fedha zake mwenyewe aliweza kungoja. Aliyenunua kwa mkopo wa dalali hakuwa na nafasi hiyo, kwani bei ziliposhuka alitakiwa kuongeza fedha, na aliposhindwa hisa zake ziliuzwa kwa hasara.

Sheria mbili za mwaka huo zililenga kumlinda mwananchi wa kawaida. Ya Mei 27 ilizitaka kampuni zinazouza hisa mpya kwa umma zitoe taarifa za kweli kuhusu hesabu zao. Ya Juni 16 ilitenganisha benki za biashara na shughuli za kuuza hisa, na kuunda shirika la bima ya amana, FDIC. Kuanzia Januari 1, 1934, kila mteja alikingwa hadi dola 2,500. Nchi nyingi zilikuja kuwa na utaratibu kama huo, ikiwamo Tanzania, iliyoanzisha Bodi ya Bima ya Amana mwaka 1994.

Lakini bima hiyo ina kikomo, na kinachozidi kikomo ni juu ya mteja mwenyewe. Mfanyabiashara anayeweka mtaji wake wote katika benki moja anapaswa kujua ni kiasi gani kinalindwa. Na anayenunua hisa ajiulize kwanza kama fedha hizo ni zake, na kama anaweza kukaa bila kuzigusa hadi bei zitakapopanda tena.