Mashine ya Bure, Betri ya Kununua

Kadi ya betri za mashine ya masikio ina betri sita zilizopangwa kwa duara, na kila betri imebandikwa stika mgongoni. Stika ya buluu ni ya namba 675, betri ya mashine kubwa wanazovaa watu ambao karibu hawasikii kabisa. Ya rangi ya chungwa ni namba 13, ya kahawia ni 312, na ya manjano ni namba 10, ndogo kuliko hizo nyingine. Bandua stika utaona vitundu vya kutafuta kwa macho. Hewa ikipenya humo, oksijeni hukutana na zinki iliyo ndani na umeme huanza kuzalishwa. Tangu dakika hiyo betri inajila yenyewe, mashine iwe imewashwa au imezimwa. Ukirudisha stika unajifariji tu.

Sikuwa nimewahi kuzitia akilini stika hizi hadi siku niliposimama kwenye kibanda cha fundi wa saa, Karatina, karibu na soko. Mbele yangu alikuwa mzee wa kofia ya sufu, mashine ikiwa nyuma ya sikio lake la kulia. Fundi hakumuuliza anataka nini. Alichukua betri ya saa, ile ya LR44, akafungua mashine, akaitia, akafunga. Mzee akapokea chenji akaenda zake. Nilipodadisi, fundi alinieleza kuwa huyo ni mteja wake wa kila mara. Mashine alipewa bure na wageni, ila betri walizomwachia ziliisha zamani.

Jambo hilo lilinikereketa, nikalipeleka kwa mwalimu anayepima usikivu wa watoto katika kituo kimojawapo cha tathmini ya elimu maalumu eneo hili la Mlima Kenya. Hana ruhusa ya kuzungumza na wanahabari, kwa hivyo nitamwita Mwalimu tu, kama wanavyomwita wazazi. Hakushangaa hata kidogo. Alivuta droo, akatoa LR44 moja na 675 moja, akaziweka mezani zikiwa zimelala kifudifudi, akaniambia nichague.

Zina kipenyo kimoja na unene mmoja, takriban milimita 11.6 kwa 5.4. Tofauti iko tumboni. Betri ya 675 huvuta oksijeni kutoka nje, hivyo karibu nafasi yote ya ndani imejaa zinki. LR44 inalazimika kubeba kila kitu humo humo, na akiba yake ya umeme ni kama robo ya mwenzake. Tena betri ya hewa hushikilia nguvu yake karibu ileile mpaka siku inapozima ghafla, ilhali ya saa hudhoofika polepole. Mwalimu alinichorea maisha ya yule mzee bila kumjua: jioni ya kwanza anasikia vizuri, baadaye sauti zinaanza kukwaruza, kisha anawakemea wajukuu waache kumnong'onea. Nyumbani watakata shauri kwamba mashine ya bure haina kazi.

Mimi simlaumu fundi wa saa. Ndiye aliyekuwa na jibu la bei ambayo mzee angeweza kulipa, tena mahali ambapo mzee angeweza kufika kwa miguu.

Takwimu za dunia huenda msomaji anazifahamu. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya Machi 2021, lilikadiria kuwa watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, na kwamba kati ya wale ambao mashine ingewafaa, asilimia 17 tu ndio wanaoitumia. Hapa kwetu, Nyeri iliteuliwa pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo kufanyia majaribio mpango wa afya kwa wote Desemba 2018, sababu ya Nyeri ikiwa wingi wa magonjwa yasiyoambukiza kama kisukari na shinikizo la damu. Kisukari nacho hudhuru masikio, ingawa hilo halitajwi sana. Ongeza uzee, sindano za zamani za kifua kikuu, masikio ya watoto yanayotoa usaha kwa miezi bila kutibiwa, na kelele za misumeno ya mawe na mbao. Watoto wasiosikia kabisa wana shule zao: Tumutumu, Kerugoya, Kaaga kule Meru, St Luke's kule Embu. Wanaosikia nusunusu ndio wanaopotelea darasani, wakiitwa wajinga.

Msaada huja kwa kambi za matibabu. Tangazo husomwa kanisani na kwenye redio, watu hufika alfajiri wakiwa na mablanketi, na jioni kuna picha: cucu (bibi kizee) anacheka baada ya kusikia jina lake. Mwalimu hazidharau picha hizo. Amelia mwenyewe katika kambi zaidi ya moja. Lakini kwake siku ya kambi ndiyo siku nyepesi kuliko zote.

Kazi ngumu ni moldi, kile kipande kinachokaa ndani ya sikio. Kwanza tundu husafishwa nta. Kisha pamba iliyofungwa uzi hutiwa ndani, mbali kidogo, ili silikoni isifike kwenye ngoma ya sikio. Silikoni mbili hukandwa mpaka zichanganyike, zikaingizwa kwa bomba kama la sindano, na mgonjwa akangoja dakika kadhaa. Watoto hukatazwa kucheka, kwa kuwa taya likisogea, umbo la tundu nalo hubadilika. Kinachotoka ni sanamu ya sikio la mtu mmoja, ambalo halifanani hata na sikio lake la pili. Moldi hutengenezwa kutokana na sanamu hiyo. Ikiwa nyembamba hata kidogo, sauti huvuja, hurudi kwenye maikrofoni na mashine hupiga mluzi.

Na mtoto hukua. Moldi iliyombana Januari huenda ikawa inampwaya kabla ya Desemba, na kwa mtoto mchanga ni suala la miezi michache. Mashine inaanza kulia darasani, wenzake wanacheka, naye anaitia mfukoni. Mwalimu amezoea kuzipata huko, mifukoni mwa sweta, zikiwa na makombo ya mandazi. Baridi ya huku inazidisha mambo: kofia ya sufu, ambayo vijana huiita mavini, ikifunika sikio mluzi unaanza, na mama atamvua mtoto nini asubuhi ya Julai, mashine au kofia?

Shirika la Starkey Hearing Foundation la Marekani, mojawapo ya yanayojulikana zaidi kwa kugawa mashine hizi, liligawanya kazi yake katika awamu: kwanza kuchukua vipimo vya masikio, pili kuwavisha watu mashine, tatu kuwafuatilia. Mwalimu anaukubali mpangilio huo. Shida anayoiona yeye ni kwamba wafadhili wengi wadogo, wakiwemo wanasiasa wa msimu wa kura, huishia kwenye ya pili. Ya tatu haina picha.

Nilimwomba tupige hesabu. Betri namba 13 ikidumu wiki mbili, sikio moja linataka betri 26 kwa mwaka, masikio mawili 52. Hizo ni karibu kadi tisa. Kila kadi ni mia kadhaa za shilingi, na mara nyingi itabidi upande matatu hadi mji wenye duka la kuziuza. Kwa mchuma majani chai mwenye mtoto mmoja wa mashine na wengine watatu wa karo, betri itashindana na unga, na unga hushinda. Mashine mpya ingemgharimu makumi ya maelfu, kwa hivyo tunaona tumemwondolea mzigo mkubwa. Tumemwondolea ule ambao asingeubeba kamwe, tukamwachia ule unaomchosha kila wiki.

Serikali ina mlango wake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilianzisha baraza la kitaifa na hazina inayotoa vifaa saidizi, na sheria mpya ilitiwa saini mwaka wa 2025. Unapimwa hospitalini, unasajiliwa, unaomba, unangoja. Vituo vya tathmini navyo vipo tangu 1984, vilipoanzishwa kwa msaada wa Denmark. Lakini kwa nini betri ya sikio isiagizwe kama inavyoagizwa dawa ya presha, ikakaa kwenye kabati la zahanati? Na anayetoa mashine 500 kwa siku moja, nani humuuliza mwaka unaofuata ni ngapi bado zinafanya kazi?

Botswana walijaribu njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mkanada Howard Weinstein alianzisha huko mradi uliokuja kuitwa Solar Ear, ambapo wafanyakazi viziwi walitengeneza chaja za jua za betri za masikio zinazoweza kuchajiwa upya. Nilipomtajia Mwalimu, aliangalia ukungu dirishani akacheka, kisha akauliza kwa uzito ni nani angewafundisha vijana wa Tumutumu kazi hiyo.

Neno moja alinisisitizia niliandike. Mashine ya marehemu guka (babu) asipewe jirani kienyeji. Kila mashine hurekebishwa kwa chati ya mtu mmoja, na yenye nguvu kupita kiasi inaweza kumalizia usikivu uliobaki. Betri zilizokwisha nazo zisiachwe walipo watoto: ikimezwa, betri ndogo inaweza kuunguza koo.

Basi ikiwa kwenu kuna mashine imelala kabatini, ipeleke kituo cha tathmini kilicho karibu au kliniki ya masikio ya hospitali ya kaunti. Ikiwa mwenyewe yu hai, nenda naye. Na ukiwa unataka kufadhili, uliza kwanza namba ya betri.