Maaskofu 87 wa Karthago

Sogeeni, wanangu, niwasimulie jinsi maaskofu wawili watakatifu walivyokosana.

Mwaka 256, katika mji wa Karthago, nchi ya Tunisia ya leo, askofu alikuwa Sipriani. Wakristo walikuwa wametoka kwenye mateso makali, na baadhi yao wakajitenga, wakawa wanabatiza watu huko huko kwenye makundi yao. Je, mtu aliyebatizwa na hao akija kanisani, abatizwe upya?

Abatizwe, alisema Sipriani, maana nje ya Kanisa hakuna ubatizo. Stefano, askofu wa Roma, akakataa katakata: anawekewa mikono tu, kama desturi ilivyo.

Tarehe 1 Septemba maaskofu 87 walikutana Karthago. Kabla ya yote Sipriani aliwaambia kwamba atakayewaza tofauti hatahukumiwa wala kutengwa. Kisha kila mmoja akatoa neno lake, likaandikwa pamoja na jina lake; tunayasoma mpaka leo. Wote waliafikiana na Sipriani. Stefano je? Firmilian, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, aliandika kwa uchungu kwamba wajumbe kutoka Afrika walipofika Roma, Stefano hakuwapokea, akaagiza wasipewe hata pa kulala. Mimi jambo hilo linaniuma.

Stefano alifariki mwaka 257. Mwaka uliofuata Sipriani alikatwa kichwa kwa ajili ya imani yake, baada ya kuagiza mnyongaji wake apewe sarafu 25 za dhahabu.

Miaka zaidi ya mia ikapita. Wadonati, Wakristo wa Afrika waliojitenga na wenzao, nao walibatiza watu upya, na walipoulizwa walitoa barua za Sipriani kama ushahidi. Hapo Augustino, askofu wa Hippo, alikuwa na kazi ngumu. Angeweza kumdharau marehemu, lakini alimpenda mno. Akaandika vitabu saba juu ya ubatizo, akaeleza kwamba barua za askofu, hata awe shahidi wa imani, si sawa na Maandiko Matakatifu, zinaweza kusahihishwa. Katika hili Sipriani alikosea. Ila Wadonati wasijifananishe naye, kwa sababu yeye alipotofautiana na wenzake hakuwaacha.

Kanisa la Roma lilibaki na msimamo wa Stefano kuhusu ubatizo. Na katika sala yake ya kale ya Misa, kati ya mashahidi wanaotajwa kwa majina, yumo Sipriani wa Karthago.