Raba za Kukimbilia: Toleo la Nyuma Linakutosha

Kama una hela ya jozi moja tu ya raba za kukimbilia na unaitaka wiki hii, nunua toleo lililotangulia, likiwa jipya ndani ya boksi. Toleo la sasa liache kwanza. Kwa mkimbiaji wa Chake, Wete au Mkoani, kisiwani Pemba, anayefanya mazoezi ya kila siku, pesa inayozidi hapo inakwenda kwenye rangi na kwenye nauli ya mzigo.

Kampuni za viatu hutoa toleo jipya la raba yao ya kila siku karibu kila mwaka. Jina linabaki lile lile, namba ndiyo inayopanda. Mara nyingi kinachobadilika ni kitambaa cha juu, ulimi, kamba na rangi. Baada ya matoleo kadhaa ndipo huja badiliko la kweli, nalo huwa kwenye sponji ya katikati, ile inayopokea kishindo.

Tangu miaka ya 1970 sponji hiyo imekuwa ikitengenezwa zaidi kwa EVA, povu jepesi la plastiki. Matoleo ya karibuni yana povu lililojazwa gesi ya naitrojeni, au povu la aina nyingine kabisa, laini zaidi na linalorudisha mguu juu haraka. Unene nao umeongezeka. Zamani kisigino cha raba ya kawaida kilikuwa na milimita 30 hivi. Siku hizi nyingi zinakaribia 40. Ndicho kipimo ambacho Shirikisho la Riadha Duniani lilikiweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa viatu vya mashindano ya barabarani.

Tofauti hiyo ipo na mguu unaisikia. Mwenye mwili mzito, au anayejiandaa kwa marathoni na kukimbia zaidi ya saa moja kwa siku, ana sababu ya kuilipia. Anayekimbia kilomita tano alfajiri kabla ya kwenda kazini hana.

Tena kwa Pemba unene una hasara yake. Kisiwa ni cha vilima. Ukingo wa lami unashuka kwa mkato, na ukiingia njia ya shamba unakutana na udongo mwekundu unaoteleza mvua ikinyesha. Soli nene na laini huyumba ukikanyaga ukingoni, na kifundo cha mguu kinapinduka kirahisi. Halafu, ili kupunguza uzito, matoleo mengi mapya yamepunguzwa mpira wa chini; sponji imeachwa wazi na changarawe inaila upesi. Kabla ya kulipa, kigeuze kiatu. Kama kisigino na sehemu ya vidole havina mpira mgumu, hicho si kiatu cha barabara zetu.

Wala usidhani bei kubwa ndiyo kinga ya goti. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, walichapisha matokeo ya kupima raba za kampuni tatu, za bei ya chini, ya kati na ya juu, kuanzia pauni 40 hadi 75. Walipima shinikizo chini ya nyayo za watu wakitembea na wakikimbia kwa mashine. Za bei nafuu zilipokea kishindo sawa na za ghali, na pengine zaidi kidogo.

Sasa bei. Raba nene ya kila siku, toleo la sasa, huuzwa Marekani kwa dola 140 hadi 165. Kwa kadirio la shilingi 2,500 kwa dola, ni kuanzia 350,000 hadi zaidi ya 400,000, nayo bado iko rafuni. Toleo la nyuma hushuka kwa robo hadi theluthi pale jipya linapotoka, hivyo lile la dola 140 unalipata kwa dola 100 hivi.

Tatizo la Pemba ni kwamba bei ya rafuni haiishii rafuni. Ukiagiza nje kwa mtandao, ushuru wa forodha hauhesabiwi kwenye bei ya kiatu peke yake, bali kwenye bei pamoja na usafirishaji na bima. Kisha VAT inakuja juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwa ndani. Ongeza malipo ya wakala wa kutoa mzigo, makato ya kutuma pesa kwa simu, boti ya Unguja, boti ya Mkoani, na gari ya kukufikisha mjini. Muulize muuzaji swali moja: "Mpaka mkononi mwangu Pemba, ni shilingi ngapi kwa jumla?" Akikutajia bei ya kiatu tu, bado hajakujibu.

Njia nyepesi zaidi ni jamaa anayerudi kutoka Maskati au Dubai. Kule VAT ni asilimia 5, na maduka ya punguzo huwa na matoleo ya nyuma. Lakini mpe vipimo vya mguu kwa sentimita, usimpe namba tu. Namba tisa ya Marekani kwa mwanamume ni takriban nane ya Uingereza, na ya kike ina hesabu yake. Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kiatu kikibana, nauli ya kukirudisha Dubai inakula faida yote. Wengi wamepotezea pesa hapo.

Mtumba una nafasi yake, ila uchunguze. Kitambaa kinaweza kung'aa baada ya kufuliwa huku sponji imekwisha kufa. Raba ya kukimbilia hudumu kati ya kilomita 500 na 800, na hujui mwenyewe wa kwanza aliishia wapi. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma: ikiegemea upande, iache. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Sponji nzima inaingia na kurudi, iliyochoka inakuwa ngumu au inabaki na shimo. Tazama mikunjo ya pembeni. Ikiwa imejipanga kama mistari ya uso wa mzee, kiatu hicho ni cha kuendea sokoni.

Tahadhari kama hiyo ichukue hata kwa toleo la nyuma lililomo ndani ya boksi. Kampuni nyingi huandika tarehe ya kutengenezwa kwenye kilebo kidogo ndani ya ulimi. Miaka miwili haina neno. Ikizidi mitano, joto na unyevu wa ghala vimeshaidhoofisha gundi, na soli inaweza kubanduka kabla hujazoea kiatu. Hapo punguzo liwe kubwa mno, la sivyo usichukue.

Feki ndiyo ghali kuliko zote. Nembo inafanana, lakini ndani kuna povu gumu lisilo na kazi. Dalili ni mshono uliopinda, gundi iliyomwagika, namba ya modeli kwenye kilebo isiyolingana na ya kwenye boksi, na bei ya "toleo jipya" iliyo chini ya ile ya toleo la zamani. Dai risiti. Ukitapeliwa, Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar ndiyo yenye kazi ya kumlinda mlaji, lakini bila risiti malalamiko yako hayana pa kusimama.

Tupige hesabu kwa kilomita. Namba hizi ni za mfano; weka bei utakayotajiwa. Toleo jipya likifika kwa 450,000 na kudumu kilomita 600, kila kilomita imekugharimu shilingi 750. La nyuma kwa 300,000, kilomita hizo hizo 600, ni 500. Mtumba mzuri wa 60,000 uliobakiwa na kilomita 150 ni 400, ukibahatisha. Ukikosea, umebakiwa na ndala za bei mbaya. Feki ya 80,000 inayokufa kwenye kilomita 100 ni 800. Kilomita 600 ni kama kukimbia kutoka Chake hadi Mkoani mara 20. Kwa mtu wa kilomita 20 kwa wiki, ni miezi saba.

Miezi hiyo usiipunguze mwenyewe. Masika raba ikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, anika kivulini penye upepo. Usiiweke karibu na jiko wala kwenye bati la jua kali, maana joto huachanisha gundi na kukomaza sponji. Usiivae kazini wala msikitini. Kila hatua inahesabiwa.

Kama mfukoni una chini ya 100,000, chukua mtumba uliopita mtihani wa kidole gumba na meza. Ukiwa nayo zaidi lakini haijafika bei ya toleo la nyuma, subiri mwezi mmoja uongeze. Ukiwa nayo kamili, nunua la nyuma leo, likiwa la saizi yako na tarehe ya karibu, kwa sababu toleo lililopita halitengenezwi tena na saizi za kawaida ndizo zinazokwisha mwanzo.